Mama wa Maziwa na Hoteli za Mbarara

Mama wa Maziwa alizijua hoteli zote za Mbarara kwa upande wa jikoni. Katika miaka niliyomfahamu sikumwona hata siku moja ameketi mezani kama mteja. Aliingia uani, akatua kopo lake la bati, akapima maziwa, akatupa macho huku na huku, kisha akaenda zake. Hata hivyo mgeni akituuliza wapi pa kula na wapi pa kupita tu, tulimwambia asubiri kidogo, Mama wa Maziwa atapita sasa hivi.

Hakuficha alichofikiri. Kuhusu hoteli iliyokuwa karibu na kituo cha mabasi alisema, "Chai yabo ni muzuri, lakini vikombe banaoshea mu maji ya jana." Kuhusu ile ya mama mmoja kando ya soko, yenye benchi mbili na paa la turubai, alisema, "Kule kula bila kuuliza." Kulikuwa na hoteli nyingine iliyofunguliwa na watu wa maofisini, wakaweka redio kubwa juu ya kabati na kuifungulia sauti mpaka barabarani. Hiyo aliipa maneno machache: "Fasi ya kelele. Mutu wa njaa hasikilizake redio."

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyemwita kwalo mjini, na yeye mwenyewe alisema jina ni la nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Kongo, ingawa kwao hakukuwa Kongo. Alikuwa amepita huko akiwakimbia watu, akapita kambi ya Nakivale akiwa na karatasi ya mkimbizi, halafu akahamia kwenye kilima kimoja ng'ambo ya mto Rwizi, ambako mwenyeji mmoja alimpa mahali pa kulishia ng'ombe wake wachache. Zaidi ya hapo sikuuliza. Watu wengi wa Mbarara wakati ule walikuwa na jambo ambalo hawakutaka kuulizwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti la kiume la kijivu hata jua likiwaka. Alitembea polepole, kopo kichwani, mkono mmoja tu ukiwa juu. Niliwahi kumwambia aharakishe maana mvua inakuja. Akanijibu kwamba mvua ikimlowesha yeye hakuna neno, lakini akikimbia maziwa yatafika yamevurugika, na mteja hakuagiza siagi.

Mimi na mume wangu tulikuwa na hoteli ndogo karibu na msikiti: chumba kimoja cha mbele chenye meza tano, na nyuma ua wenye jiko. Tulipika katogo ya ndizi na matumbo asubuhi, na mchana kutwa chai, mandazi na chapati. Vita vilivyomwondoa mtawala wa kijeshi vilikuwa vimepita juzijuzi tu, na sehemu kubwa ya mji ilikuwa kuta zisizo na paa. Watu walifungua biashara humo humo. Unaweza kukuta mtu ameweka meza na birika ndani ya chumba ambacho ukuta wake mmoja ni anga tupu, na juu ya mlango ameandika kwa mkaa neno HOTELI.

Siku ya kwanza alipokuja kwetu alininyima maziwa. Nilimpelekea sufuria, akaiinua mpaka puani, akanusa, akanirudishia.

"Inanuka kitunguu," alisema.

"Nimeiosha sasa hivi."

"Umeosha macho yake. Pua yake haujaosha."

Nilikasirika. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye nyumba yangu, na huyu muuza maziwa ananifundisha kuosha sufuria mbele ya mume wangu. Lakini niliichukua, nikaisugua kwa majivu, nikaisuuza kwa maji ya moto, nikairudisha. Alinusa tena. Safari hii alimimina bila kusema kitu, na kesho yake alipofika alikuta sufuria mbili, moja ya maziwa peke yake, isiyoguswa na kitu kingine chochote. Aliitazama kwa muda. Kuanzia siku hiyo akaanza kuniita Mama Hoteli, na kila alikopita alisema jiko safi kushinda yote Mbarara ni lile la karibu na msikiti. Watu walikuja kwa ajili ya neno lake. Mume wangu alifurahi hata akatafuta chokaa na kupaka ukuta wa uani, ambao mteja hauoni.

Neno lake kali kuliko yote alimwekea bwana mmoja wa barabara kuu. Huyu alikuwa na hoteli kubwa, na wakati ambapo sabuni ilikuwa kitu cha kutafuta kwa kujuana, yeye alitandika meza zake zote vitambaa vyeupe. Kwa hiyo tulimwita Bwana Vitambaa. Wakubwa wa serikali walikula kwake, na maofisa wa kambi ya jeshi ya Makenke pia. Mama wa Maziwa alikuwa akipita jikoni mwake kila asubuhi, na alichokiona huko alimweleza mwenyewe usoni: "Mbele kama arusi, nyuma kama zizi." Bwana Vitambaa alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa, na alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Mama, wewe leta maziwa," alisema. "Uchafu niachie mimi."

Nilimuuliza kwa nini anaendelea kumpelekea mtu kama huyo.

Alifikiri. "Kikombe ya kwanza anakunywaka yeye mwenyewe. Mbele yangu, na anafunga macho. Weye, bwana yako anafungaka macho?"

Nikacheka, maana mume wangu hakunywa maziwa kabisa.

Maduka nayo aliyapima kwa namna yake. Miaka ile duka lingeweza kuwa na rafu kumi na bidhaa nne. Palikuwa na duka la vitambaa kwenye kona moja ambalo muuzaji alivitundika nyuma yake na kukuonyesha kwa fimbo, wewe ukisimama mbali kama mtu anayetazama mlima. Mama wa Maziwa aliingia mara moja, akaomba kushika kitenge, akakataliwa, akatoka, na hakurudi tena. Alivaa kilekile kilichopauka kwa miezi, mpaka mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka Kikagate kwenda na kurudi Tanzania akaleta mzigo na kuutandaza chini sokoni. Nilikuwepo. Alikishika kitenge, akakivuta huku na huku, akakikunja, akakinusa, akamwomba mwenye mali alowanishe pembe moja aone kama kinatoa rangi. Yule bwana alifanya yote hayo kwa subira. Tangu hapo kila mwanamke aliyemuuliza kuhusu nguo alitumwa kwake.

Si kwamba alikuwa mkali tu. Alikuwa na haki ambayo wakati mwingine iliniogopesha. Asubuhi moja askari wa Makenke, sajini, aliingia uani kwetu moja kwa moja na mtungi wake. Mwanamke mwingine mwenye hoteli alikuwa amekwisha tangulia kumngoja pale.

"Wewe mama, lete maziwa yangu kwanza," sajini alisema. "Mimi iko na haraka."

Mama wa Maziwa aliendelea kupima. "Maziwa ni ya mwenye alitangulia."

"Wewe najua mimi nani?"

"Najua. Weye ni wa pili."

Wakati ule watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Sajini alimtazama, akatazama mtungi wake, kisha akachutama kwenye kivuli cha ukuta akangoja zamu yake. Alikuja mara nyingi baada ya hapo, na kila mara alikuwa akiuliza tu, "Nani mbele yangu?"

Na mtu huyuhuyu, aliyekuwa hawezi kuvumilia kikombe kisichosuuzwa vizuri, siku moja alituletea maziwa yenye maji. Nilijua mara tu yalipochemka, hayakupanda. Kesho yake nilimwambia. Akakataa. Akasema labda ni majani waliyokula ng'ombe, labda ni sufuria yangu. Sikubishana naye. Siku tatu zikapita bila yeye kuja. Siku ya nne alifika, akatua kopo, na kabla sijamsalimia akasema, "Ile siku niliweka maji. Ng'ombe mumoja alikufa, na sikutaka kuambia batu hapana. Nikakudanganya, na nikasingizia sufuria yako." Kisha akaenda kwenye hoteli zote alizokuwa amezipelekea siku ile, moja baada ya nyingine, akasema vilevile. Bwana Vitambaa alimwambia hakuwa hata ametambua. Hilo, aliniambia, ndilo lililomuumiza zaidi.

Katika mambo ya burudani nilimfahamu kidogo tu, lakini hicho kidogo sijakisahau. Jumba la sinema lilikuwa na tundu ukutani lililotobolewa na kombora, na siku za Jumapili mchana waliliziba kwa mablanketi ili giza lipatikane. Mlinzi wake alikuwa mteja wa maziwa, akamruhusu achungulie. Alirudi kwangu na uso mzito.

"Batu banapiga kelele, banamwambia mutu wa mu picha: kimbia, kimbia! Na ule mutu hasikie." Akatikisa kichwa. "Kwa nini banafurahia kitu kama kile?"

Mara nyingine wake wa askari wa Makenke walikuja kuimba na kucheza kwenye ukumbi wa mjini, nikamshawishi twende wote. Tuliketi safu ya nyuma. Alitazama kwa makini, mikono mapajani, kama mtu aliyeko mahakamani. Walipomaliza nilimuuliza nani amecheza vizuri. Alinionyesha mama mmoja mnene wa mstari wa mwisho, ambaye hatua zake zilikuwa zimepishana na za wenzake tangu mwanzo. "Ule njo alicheza. Bengine balikuwa ku kazi."

Halafu akapanda jukwaani mzee mmoja na inanga, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani. Alianza kuimba kwa sauti ya chini, kwa lugha ambayo mimi siijui na ambayo ilikuwa ya kwao. Nilimwona Mama wa Maziwa akiinama kidogo mbele. Wimbo haujafika nusu, akasimama akatoka. Nilimfuata mpaka nje.

"Hakupiga vizuri?"

"Alipiga muzuri sana," alisema. "Njo sababu nimetoka."

Tulitembea mpaka darajani. Pale akaniaga, akavuka mto kwenda kwake.

Mwaka wa themanini na mbili, mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, watu wa asili moja na Mama wa Maziwa walianza kufukuzwa vijijini. Waliowafukuza hawakubagua mkimbizi na aliyezaliwa hapa. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakasukumwa kuelekea mpakani au Nakivale. Sisi wa mjini tulizisikia habari hizo mezani, wateja wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya vikombe. Siku za kwanza Mama wa Maziwa alikuja kama kawaida. Maziwa yake tu ndiyo yalikuwa yanapungua. Nilimuuliza kulikoni, akasema, "Ng'ombe banaogopa."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Vijana wawili wenye fimbo walikuwa wameketi meza ya mbele, daftari likiwa wazi kati yao. Walikuwa wamemuuliza mume wangu kama anawajua watu wa upande ule wa mto wanaoleta vitu hotelini. Mume wangu alijibu kwamba watu wanakuja na kuondoka, hawezi kuwajua wote. Wakasema sawa, wakaagiza chai.

Nilikuwa jikoni nimeshika birika niliposikia mlango wa uani unagongwa.

"Mama Hoteli. Ni miye."

Nilisogea mpaka mlangoni. Nikageuka, nikamwona mume wangu amesimama kwenye kizingiti cha jikoni. Alitikisa kichwa tu, mara moja. Sitaki kumbebesha yeye lawama. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa amepigwa juzi yake kwa sababu ya kumficha mtu, na tulikuwa tumesikia akipigwa. Tena komeo lilikuwa karibu na mkono wangu kuliko mkono wake.

"Mama Hoteli."

Nililiweka birika juu ya kitambaa, polepole, lisilie.

Aliniita mara ya tatu. Halafu nikasikia kitu kinawekwa chini, na hatua zake zikienda, polepole kama siku zote.

Wale vijana waligonga meza wakitaka chai zaidi. Maziwa yalikuwa yamekwisha. Nilifungua mlango, nikakuta kopo lake kwenye ngazi, limejaa, limefunikwa jani la mgomba. Uani hapakuwa na mtu. Niliyaingiza ndani, nikayachemsha, nikawapelekea. Mmoja alionja, akaniinulia kikombe.

"Mama, hii chai yako iko sawa kabisa. Ongeza."

Nikaongeza.

Kopo nililiosha nikaliacha kwenye ngazi, nikijiambia kwamba atarudi kulichukua. Asubuhi yake halikuwepo. Mtu yeyote angeweza kuwa amelichukua.

Zilipita wiki kadhaa ndipo nikajua alikokwenda. Mpishi wa barabara kuu alinieleza sokoni. Bwana Vitambaa alikuwa amemficha kwenye stoo ya makaa siku mbili nzima, huku kwenye chumba cha mbele wakubwa wakila juu ya vitambaa vyake vyeupe. Chakula alimpelekea mwenyewe, hakumwamini mtumishi. Siku ya tatu alimpandisha kwenye lori la kuni lililokuwa linarudi tupu upande wa Isingiro, akamwambia dereva asisimame mpaka Nakivale. Ng'ombe walikuwa wamekwenda. Nyumba ya ng'ambo ya mto ilikuwa imechomwa.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi kusikia yu hai. Nilifurahi baadaye. Kitu cha kwanza nilichohisi pale sokoni, kikapu mkononi, kilikuwa chuki juu ya yule bwana.

Tulipata muuza maziwa mwingine. Wateja walisema chai imebadilika, kisha wakazoea. Mimi na mume wangu hatukuwahi kumtaja. Vita vingine vikaja vikapita, askari wa Makenke wakabadilika, serikali ikabadilika, sukari ikapotea dukani na kurudi. Mara nyingine katikati ya kazi mume wangu alikuwa akitazama ule mlango wa uani, nami nikajifanya sikuona.

Mwaka wa themanini na saba mke wa askari mmoja alikuja kununua mandazi. Alikuwa na kaka yake aliyefanya kazi kambini Nakivale, karibu na Kashojwa, na alikuwa ametoka kumtembelea.

"Kule Kashojwa iko mama moja nauza chai," aliniambia akicheka. "Hoteli zote za hapa najua. Nataja moja moja, kama ndugu zake."

Jioni nilimwambia mume wangu. Akatoka, akarudi na sukari, kilo mbili, ameifunga kwenye karatasi kwa uzi.

"Mpelekee."

"Twende wote."

"Nikifika nitamwambia nini?" aliuliza. Nikaenda peke yangu.

Nilisafiri kwa pikapu juu ya magunia ya chumvi, vilima vikavu pande zote, mpaka ziwa likaonekana chini kama bati. Kashojwa nilielekezwa kwenye kibanda cha nyasi: mafiga matatu, benchi moja, sufuria moja. Alikuwa ameinama anapuliza moto. Alipoinuka niliona amezeeka zaidi ya miaka iliyopita. Aliniangalia bila kushtuka.

"Mama Hoteli," alisema. "Umenenepa. Ikala."

Nikakaa. Alimimina chai, akanipa, kisha akabaki amesimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Sema. Iko namna gani?"

Nilielewa kwamba haniulizi kwa adabu. Nikaonja tena. "Maziwa ni mazuri sana. Majani yamechemshwa mara mbili."

Alicheka. Katika miaka yote ile sikuwa nimemwona akicheka hivyo. "Mara tatu. Majani ni nguvu kupata hapa."

Akataka habari za mji. Yule mama wa kando ya soko? Amejenga, ana meza sasa. Hoteli ya redio? Imefungwa. Jumba la sinema? Tundu limezibwa kwa matofali. Alisikiliza kila jibu na kuitikia kwa kichwa, akaweka kila kitu mahali pake. Hoteli yetu tu hakuiuliza. Nikaona kwamba ataniacha niondoke bila kuiuliza.

"Mama," nilisema, "siku ile nilikuwa ndani."

"Najua."

"Nilikuwa nimesimama mlangoni kabisa."

"Najua. Nilisikia miguu yako inakuja. Halafu ikasimama."

"Niliogopa."

"Miye pia," alisema.

Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Kwako nilipiga hodi mara tatu, sababu nilikuwa na hakika. Kwa ule bwana sikupiga hodi. Nilikuwa napita tu. Yeye njo aliniona, akanivuta mukono."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilimkumbuka akizunguka mji mzima siku ile, hoteli baada ya hoteli, akikiri maji yake, na nikamwambia lililobaki. Nilimwambia kwamba maziwa aliyoyaacha niliyachemsha, nikawapa wale vijana.

Hilo hakulijua. Aliketi upande wa pili wa benchi.

"Balikunywa yote?"

"Yote."

"Balisema nini?"

"Walisema ni mazuri."

Alitazama upande wa ziwa. "Ilikuwa ya ng'ombe wa mwisho," alisema. "Bengine balikuwa bamekwenda tangu jana yake. Ule mumoja nilimukamua asubui ile, nikaona nisiache kazi ya batu. Sikumuona tena."

Nilimwomba msamaha. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Mungu wangu na wake, nikalia. Mzee mmoja alifika akataka chai, Mama wa Maziwa akainuka kumhudumia. Wakaja wengine wawili. Vikombe vilikuwa vitatu tu, na kila mmoja alipomaliza ilibidi kioshwe ndipo mwingine apate. Nikavua viatu, nikachutama kwenye beseni, nikaanza kuosha. Hakunikataza. Niliosha vikombe mpaka jua likapinda, yeye akimimina, mimi nikiosha, na hatukusemeshana ila "lete" na "chukua". Sukari ya mume wangu aliifungua akaitia kwenye chai ya watu, kijiko kimoja kimoja, bila kuwaambia imetoka wapi.

Pikapu ilipopiga honi barabarani aliingia kibandani. Alitoka na chungu kidogo, kimefungwa kwa jani na kamba. Kilikuwa kizito na kilinukia samli.

"Hii ni ya Bwana Vitambaa," alisema. "Iko hai?"

"Yu hai. Anaumwa miguu."

"Mwambie niko na ng'ombe mumoja sasa. Mwambie hii ni ya kwanza yake, sijauzia mutu. Usiweke juu ya gunia, itamwagika. Ubebe weye."

Nilikibeba mapajani njia nzima. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila pikapu iliporuka nilikikumbatia kile chungu kwa mikono miwili, mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama nimebeba mayai.

Sikupita nyumbani kwanza. Bwana Vitambaa alikuwa ameketi uani kwake, miguu yake iliyovimba ameiinua juu ya kiti. Nilimpa chungu, nikampa salamu zote, neno kwa neno kama nilivyoambiwa. Alifungua kamba mwenyewe. Akachovya kidole, akakitia mdomoni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, hata nikadhani amelala.

Alipofumbua aliniangalia vizuri, mimi na vumbi langu. Nadhani alijua yote tangu zamani. Mji ule haukuwa mkubwa.

"Na wewe," aliniuliza, bila ubaya wowote, "amekupa nini?"

"Amenipa hii niilete," nilimwambia.